Kinyume na Ufunguo: Habari za Kuficha Maneno, Tangu Unguja ya Zamani hata Luku za Magomeni

Magomeni ni mtaa wa Dar es Salaam ulio kando ya barabara ya Morogoro, ng'ambo ya bonde la Msimbazi kwa mtu atokaye Kariakoo. Serikali ya kikoloni iliupima na kuupanua baada ya vita vya pili vya dunia uwe mahali pa makazi ya Waafrika, kama ilivyofanya Temeke na Ilala, na nyumba zake nyingi zilijengwa kwa ramani ijulikanayo mjini kote: ujia katikati, vyumba vitatu upande huu na vitatu upande ule, na nyuma yake ua wenye jiko, choo na bomba la maji. Mwalimu Julius Nyerere alikaa mtaani humo katika miaka ya kudai uhuru, na nyumba aliyokaa sasa ni makumbusho.

Katika nyumba ya namna hiyo wapangaji wa vyumba sita mara nyingi hutumia mita moja ya umeme. Mita yenyewe ni ya Luku, jina lililotokana na maneno Lipa Umeme Kadri Utumiavyo, utaratibu ambao shirika la Tanesco liliuingiza mjini katika miaka ya 1990. Taa zikizimika jioni, swali la kwanza uani huwa ni zamu ya nani kununua. Fedha huchangwa, ubishi wa mwenye friji na asiye na friji huzuka na kutulizwa, kisha mmoja hununua kwa simu yake au dukani, na jibu hurudi likiwa na tarakimu 20, nne nne katika makundi matano. Ndipo mmoja anapokwenda kusimama mbele ya mita akibonyeza, na mwingine humsomea tarakimu kwa sauti kutoka kibarazani. Jirani wote husikia, na hakuna anayenong'ona.

Jambo hili ni la kila siku hata ajabu yake haionekani tena. Tarakimu hizo 20 ni maandishi ya siri kwa maana kamili ya neno hilo: zimefumbwa kwa hesabu iliyo ya jamii moja na zile zinazolinda mabenki. Hata hivyo, siri hiyo hutangazwa ua mzima, na aliyeisikia hawezi kuipeleka kwenye mita ya nyumba ya pili akapata umeme, wala aliyeitumia leo hawezi kuitumia tena kesho. Kuieleza siri ya aina hii hakuhitaji kuanzia Ulaya wala Marekani. Kunaweza kuanzia Unguja, kwa mchezo wa maneno ambao wataalamu wa Kiswahili waujua sana, ingawa ni mara chache kuupa nafasi inayoustahili.

Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Unguja, alipotoa kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili mwaka 1870, hakuacha kutaja namna ya kusema kwa mafumbo iitwayo Kinyume, na mifano yake iliwekwa katika nyongeza ya kitabu hicho. Kanuni yake ni nyepesi. Silabi ya mwisho ya neno huondolewa mahali pake ikatangulizwa mbele. Nyumba huwa mbanyu, maji huwa jima, chakula huwa lachaku, na neno kinyume lenyewe huwa mekinyu. Msomaji wa leo aghalabu huhesabu jambo hili kuwa mchezo wa watoto, akaliweka pamoja na vitendawili na misemo ya kutatanisha ulimi. Hesabu hiyo si ya haki. Kitendawili huficha maana na kuacha maneno wazi, na fumbo la mshairi kadhalika: kila neno la Muyaka bin Haji laweza kueleweka na mtu asijue bado ni nani anayesemwa. Kinyume hakigusi maana hata kidogo, kinalihamisha umbo. Wataalamu wa maandishi ya siri wamegawa kazi yao katika matendo mawili makubwa, kubadilisha na kuhamisha, na kinyume ni mfano safi wa tendo la pili.

Tena ni mfano unaoitegemea tabia ya lugha yenyewe. Silabi ya Kiswahili huishia irabu, isipokuwa zile m na n zisimamazo peke yake na maneno machache ya mkopo. Kwa sababu hiyo silabi zaweza kupangwa kwa utaratibu wowote na neno jipya likatamkika bila taabu, kana kwamba ni neno ambalo msikilizaji hajabahatika kulijua. Neno la Kiingereza likifanyiwa hivyo mara nyingi hubaki vipande visivyotamkika. Iko na hila ya pili, ambayo hutajwa kwa nadra zaidi. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Katika chakula mkazo uko juu ya ku, na katika lachaku umehamia juu ya cha. Katika nyumba uko juu ya nyu, na katika mbanyu silabi ya mwisho, iliyokuwa dhaifu, ndiyo iliyopata nguvu. Basi msikilizaji hudanganywa mara mbili, kwa mpango wa silabi na kwa mkazo, na yamkini huo wa pili ndio umpotezao zaidi, kwa maana sikio hulishika neno kwa mkazo wake kabla ya kuhesabu silabi.

Lakini ufichaji huu una mianya. Maneno ya silabi moja, kama vile na, ya, wa, si, hayana pa kuhamia. Maneno yenye silabi mbili zilizo sawa hupita wazi kabisa: baba hubaki baba, mama hubaki mama, na hivyo kaka, dada, bibi, kuku, mimi na sisi. Vijana wakisemezana kwa kinyume habari za baba mbele ya baba mwenyewe, yatafichika yote isipokuwa jina la yule ambaye siri ilifanywa kwa ajili yake. Ajabu ni kwamba majina ya watu wa nyumbani, ambao ndio wa kwanza kufichwa jambo, mengi yake ni ya umbo hilo.

Mwanya mkubwa zaidi ni marudio. Neno nyumba likisemwa mara 20 hutoka mbanyu mara 20. Asiyejua kanuni, akiwa na subira, hahitaji kufundishwa: atasikia mbanyu kila nyumba itajwapo, na jima kila mtungi uletwapo, na baada ya siku chache atakuwa amejipatia kamusi. Kisha akishaitambua kanuni, yote yamekwisha, kwa sababu kinyume hakina ufunguo. Wote wajuao namna yake wanaijua siri ya wote.

Neno ufunguo lataka kuelezwa hapa. Watu wangeweza kukubaliana kwamba silabi za kila neno zihamishwe kwa mpango fulani wa tarakimu: leo 3-1-2, ambao hutoa lachaku, kesho 2-3-1, ambao hutoa kulacha. Kanuni ya kuhamisha ingejulikana na mji mzima, na bado yule asiyejua tarakimu za siku ile angebaki nje. Tarakimu hizo ndizo ufunguo. Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs, mtaalamu wa lugha aliyezaliwa Uholanzi na kufundisha Ufaransa, alitoa sharti ambalo halijapinduliwa hata leo: chombo cha siri kisitegemee kufichwa kwa namna yake ya kazi, bali kiwe salama hata kikianguka mikononi mwa adui, maadamu ufunguo umehifadhiwa. Kwa kinyume, hata hivyo, ufunguo ungesaidia kidogo tu. Silabi tatu zina mipangilio 6, silabi nne zina 24, na mtoto mwenye kalamu ataijaribu yote kabla ya adhuhuri. Fungu ni dogo mno.

Elimu ya kufumbua ilifikia ustadi mapema katika nchi za Kiarabu, ambazo pwani hii ilipokea mengi kutoka kwao. Al-Kindi wa Baghdad, katika karne ya 9, aliandika risala ya kufumbua maandishi ya siri kwa kuhesabu herufi: herufi irudiayo mara nyingi katika lugha itarudia mara nyingi hata ikivikwa vazi jingine. Nalo neno la Kiarabu sifr, lenye maana ya kitu kitupu, lilisafiri njia mbili. Lilipoingia Kiswahili likawa sifuri na kukaa palepale penye hesabu. Lilipoingia Ulaya lilizaa majina ya sifuri na ya tarakimu, kisha, kwa kuwa tarakimu zilitumika kuficha herufi, likawa jina la maandishi ya siri yenyewe. Kwa hiyo Mswahili atajapo sifuri na Mwingereza atajapo elimu ya mafumbo wanatumia neno moja lililoachana njiani.

Katika vita vya pili vya dunia elimu hii ilipiga hodi pwani ya Afrika ya Mashariki. Wajapani walipoishambulia Ceylon mwezi wa Aprili 1942, meli za kivita za Waingereza zilihamishiwa Kilindini, Mombasa, na pamoja nazo wakaja wataalamu wa kunasa na kufumbua habari za simu za upepo. Walipewa majengo ya shule ya Allidina Visram, na humo wakawa wanazisikiliza meli za Wajapani hata waliporudi Colombo mwaka 1943. Kati ya maandishi waliyoyakabili yalikuwapo yale ya meli za biashara za Wajapani, yaliyopewa jina la JN-40. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa ni orodha ya maneno yaliyogeuzwa tarakimu na kuongezewa tarakimu nyingine juu yake. Dhana hiyo ilikuwa ya makosa, na hakuna aliyefika popote kwa kuifuata.

Mwezi wa Septemba 1942 mpeleka habari mmoja wa Kijapani alisahau kutaja mahali meli ilipo. Alipogundua, hakutuma habari hiyo peke yake. Aliufumba upya ujumbe wote kwa funguo zilezile, safari hii akaingiza mahali pa meli, akautuma. John MacInnes na Brian Townend, waliokuwa Kilindini, waliziweka nakala mbili ubavu kwa ubavu, na tofauti yake ikawaonyesha mashine nzima. Kila alama iligeuzwa kuwa tarakimu mbili kwa jedwali la nafasi 100. Hilo ni tendo la kubadilisha. Kisha tarakimu zilipangwa katika safu na kusomwa kwa utaratibu mwingine, hata zile mbili zilizokuwa za alama moja zikatengana. Hilo ni tendo la kuhamisha, yaani kinyume cha Unguja kilichotiwa ufunguo na kufanywa juu ya vipande vidogo kuliko silabi. Ilipofika Novemba waliweza kuyasoma yote yaliyokuwa yamenaswa zamani na kila jipya lililoingia, na meli zilizochukua askari na shehena zikawa zajulikana njia zake. Watu wengi walizama baharini kwa sababu ya ujumbe mmoja uliorudiwa.

Claude Shannon wa Marekani, katika makala yake iliyochapishwa mwaka 1949, aliyaweka mambo haya katika hesabu. Alionyesha kwamba chombo chenye nguvu chapaswa kufanya kazi mbili pamoja: kuvuruga uhusiano kati ya ufunguo na maandishi, na kutawanya alama ya kila herufi hata iguse maandishi yote. Kubadilisha peke yake huacha hesabu ya al-Kindi ikifanya kazi. Kuhamisha peke yake huacha herufi zote zikiwapo, zimekaa vibaya tu. Lakini ukibadilisha, ukahamisha, ukabadilisha tena, mara kumi au kumi na sita, ufunguo ukiingia kila mara, basi mchanganyiko wa matendo mawili dhaifu huwa kitu kigumu mno. Kutoka hapo vilizaliwa vifumbo vya mafungu. Ujumbe hukatwa mafungu yenye ukubwa mmoja, mithili ya mafungu ya nyanya mezani pa mwuzaji, na kila fungu huzungushwa mara nyingi. Kifumbo kiitwacho DES, kilichowekwa kuwa kipimo cha serikali ya Marekani mwaka 1977, kilichukua fungu la biti 64 na ufunguo wa biti 56. Ufunguo huo ulikuja kuwa mfupi mno, na mwaka 1998 mashine iliyotengenezwa kwa kazi hiyo iliupata kwa kujaribu funguo kwa muda usiotimia siku tatu. Mahali pake pakashikwa na AES mwaka 2001, kazi ya Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, yenye fungu la biti 128. Kanuni zake zote zimechapishwa, kama Kerckhoffs alivyotaka.

Mwandika programu wa leo, awe Dar es Salaam au kwingineko, haandiki kifumbo hicho mwenyewe, wala haifai aandike. Huazima kutoka kwa maktaba ya programu, kama ile ya OpenSSL, ambamo kazi imekwisha kufanywa na kukaguliwa na wengi. Aniaye kutunga kifumbo chake binafsi hurudi kwenye kinyume: hutumaini kwamba hakuna atakayegundua kanuni. Lakini hata aazimaye chombo kilicho imara aweza kukitumia vibaya, na hapa mwanya wa zamani hufunguka tena. Namna nyepesi kuliko zote ya kukitumia, iitwayo ECB, hufumba kila fungu peke yake kwa ufunguo uleule. Matokeo yake ni kwamba mafungu mawili yaliyo sawa hutoka sawa, kama mbanyu na mbanyu. Namna nyingine huchanganya kila fungu na lililotangulia, au na hesabu isiyorudi, ili jambo moja likisemwa mara mbili litoke na sura mbili. Ubaya ni kwamba iliyo hatari ndiyo mara nyingi hutolewa kwa asiyeuliza. Katika Java, anayeagiza AES bila kutaja namna kwa kawaida hupewa ECB.

Hasara yake si ya nadharia. Mwaka 2013 kampuni ya Adobe iliibiwa rekodi zaidi ya milioni 150 za watumiaji, na maneno ya siri yaliyokuwamo yalikuwa yamefumbwa kwa kifumbo cha jamaa ya DES katika namna hiyo ya ECB, wote kwa ufunguo mmoja. Ufunguo haukuhitajika. Waliokuwa na neno moja la siri walikuwa na fumbo moja, na pembeni yake zilikuwapo ishara ambazo wenyewe walijiandikia ili wakumbuke. Palipo watu elfu wenye fumbo moja, yatosha mmoja wao kuwa mzembe katika ishara yake.

Baada ya hayo tarakimu za Magomeni zaweza kusomwa. Mita za Luku hufuata kipimo kilichoanzia Afrika ya Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kufanywa baadaye kipimo cha kimataifa. Tarakimu 20 huchukua biti 66: mbili hueleza aina ya ujumbe, na 64 zilizobaki ni fungu moja lililofumbwa. Ndani ya fungu hilo vimepangwa vitu vitano: biti 4 za kutaja ni huduma gani, biti 4 za nasibu, biti 24 za wakati, biti 16 za kiasi cha umeme, na biti 16 za kuhakikisha kwamba hakuna tarakimu iliyoandikwa vibaya. Kifumbo cha asili cha kipimo hiki hubadilisha na kuhamisha mara 16. Katika mita mpya hutumika pia MISTY1, iliyotungwa Japani na Mitsuru Matsui na kutangazwa mwaka 1995. Kila mita ina ufunguo wake, uliotolewa kwa hesabu kutoka ufunguo mkuu wa mwuzaji na namba ya mita yenyewe. Ndiyo maana jirani aliyesikia hapati kitu: mita yake itazifumbua tarakimu zile kwa ufunguo mwingine, itaona upuuzi, itazikataa.

Sehemu ya wakati ndiyo yenye werevu. Biti 24 hizo huhesabu dakika zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1993. Mpangaji anunuaye umeme wa shilingi 5,000 kila Jumamosi hununua kitu kilekile, ila hakununui katika dakika ileile. Na kwa kuwa fungu zima huzungushwa pamoja, badiliko la dakika moja huvuruga tarakimu zote 20. Fungu moja tu kwa kila ununuzi, na fungu hilo halirudi. Nayo mita huweka kumbukumbu ya nyakati zilizokwisha kuingizwa, ikikataa iliyotumika. Mwanya uliomponza mpeleka habari wa mwaka 1942 umezibwa hapa kwa saa.

Yafaa ionekane pia kwamba kinachofanyika katika ua wa Magomeni si kuficha. Kiasi cha umeme kinajulikana, kimeandikwa juu ya tarakimu zenyewe, na waliochanga wote wanakitaka kijulikane. Kifumbo hapa kinafanya kazi ya muhuri. Kinaihakikishia mita kwamba amri imetoka kwa mwenye ufunguo na si kwa mtu mwingine, kama vile nta juu ya barua ya zamani ilivyomhakikishia liwali jina la mwandishi hata kama barua yenyewe ilisomwa barazani. Neno siri, ambalo huzuka upesi kila mambo haya yatajwapo, laweza kuwapoteza wasomaji.

Suala la maneno halijatulia bado. Wafasiri wengi wa programu hutumia usimbaji fiche, istilahi yenye maneno mawili ambayo la pili limewekwa kuieleza la kwanza, kwa sababu kusimba peke yake ni kugeuza alama yoyote hata isiyofichwa. Wananchi nao walipata jina lao wakati matangazo ya televisheni ya mfumo wa zamani yalipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012 na kila nyumba ikahitaji kisanduku: wakakiita king'amuzi, kutoka kung'amua, na neno kisimbuzi likaletwa kushindana nalo. Lakini lugha ilikuwa na jozi iliyo tayari. Kufumba na kufumbua zimepangwa kwa kauli ileile ya kutendua iliyo katika kufunga na kufungua, kuziba na kuzibua. Zatumika kwa macho, kwa mkono na kwa maneno. Na zimo katika fumbo, ambalo washairi wamelikuza kwa karne kadhaa. Atakayesema zina maana nyingi mno anasema kweli. Hata hivyo ufunguo nao ulikuwa chuma cha mlangoni kabla haujawa tarakimu, na hakuna aliyechanganyikiwa. Tokeni, jina ambalo wenye mita wenyewe hulitumia pamoja na namba za Luku, limeshapita mlangoni bila kungoja kamati.

Saa iliyoziba mwanya ilikuwa na mwisho wake. Biti 24 hubeba dakika 16,777,216, ambazo ni miaka 31 na miezi karibu 11. Zikihesabiwa kutoka 1 Januari 1993 hujaa tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya hapo hesabu ingeanza tena kwenye sifuri, na mita, ikiona wakati uliorudi nyuma, ingekataa kila ununuzi mpya kana kwamba ni wa zamani uliorudiwa. Ulinzi wenyewe ungemfungia nje mwenye haki. Ilibidi kila mita inayofuata kipimo hicho, popote duniani, ibadilishwe ufunguo kabla ya siku ile na ianze hesabu mpya. Badiliko hilo lilikuwa na faida ya pili, kwa maana katika Afrika ya Kusini mashine za kuuzia zilikwisha kuibwa zikiwa na funguo ndani yake na kutumika kutoa umeme wa magendo.

Tanesco iliwatangazia wateja kwamba mita zao zingehitaji kuboreshwa, na mwaka 2024 mnunuzi alipokea, badala ya tarakimu 20, makundi matatu ya tarakimu 20: mawili ya kubadili ufunguo na la tatu la umeme wake. Fungu moja halitoshi kuubeba ufunguo mpya, ndiyo sababu ulikatwa vipande viwili. Ufunguo huo mpya ulisafirishwa ukiwa umefumbwa kwa ule wa zamani, na kwa njia hiyo nao ulisomwa kwa sauti uani, tarakimu 40 mbele ya watoto, wapitaji na jirani. Ulikuwa usomaji mrefu, na akosaye mahali pamoja alianza kundi upya. Waliomaliza waliona mita ikizikubali, wakaingiza kundi la tatu, wakapata taa.

Hesabu mpya imewekewa mwanzo wa 1 Januari 2014. Nayo itajaa tarehe 24 Novemba 2045.